Diski D

Shangazi Bronka alinipigia saa tano za usiku
kutoka Łódź, ghorofa ya tatu, theluji dirishani,
akinong'ona kana kwamba kompyuta inamsikia:
"Ina virusi mia tatu arobaini na saba.
Jana vilikuwa mia mbili.
Vinaumuka kama unga uliotiwa hamira."

Nisomee, nikamwambia.
Akasoma polepole, kwa sauti ya karani wa mahakama:
ngao ya buluu, alama ya vema katikati,
maandishi mekundu yanayopepesa,
HATARI, na chini yake kitufe kimoja tu:
Lipa sasa, upone.

Miaka thelathini na mmoja alikagua vitambaa kiwandani,
akipitisha kidole juu ya pamba iendayo mbio,
akikamata uzi mmoja uliokosea njia
kabla jicho la msimamizi halijafika.
Sasa alikuwa kimya. Nilimsikia akipuliza chai.

"Hebu," akasema.
"Eti imekagua faili elfu tisini,
na chai yangu bado inaunguza ulimi.
Halafu inasema mdudu kajificha kwenye diski D.
Mimi sina D.
Zygmunt aliponiletea mashine hii alinionyesha C,
akafa kabla ya kunionyesha kingine.
Na hapa wameandika 'konputa'.
Daktari gani asiyejua jina la mgonjwa?"

Basi. Kidole kilikuwa kimeupata uzi.

Chomoa waya wa intaneti, nikamwambia,
ule wa kijivu. Akachomoa wa taa.
Tukacheka gizani, yeye Łódź, mimi Gdańsk,
kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Tukaizima mashine, tukaiwasha tena,
yeye akibonyeza F8, F8, F8,
kama agongaye mlango wa jirani kiziwi,
mpaka tukaingia kwa uani, kwenye hali salama,
mahali pa picha kubwa kubwa na rangi zilizochuja,
ambako ile ngao haikujua njia.

Tukaifuma imelala: folda yenye jina la herufi nane,
zimemwagwa kama kete.
"X, q, v, r, t... Mimi Mpolandi," akasema,
"konsonanti ni chakula changu,
lakini hili halimezeki."
Futa.
Una uhakika? mashine ikauliza.
Akaijibu kwa mdomo kwanza, kisha kwa kidole.
Tukalitafuta na jina lake
katika orodha ya vinavyoamka pamoja na mashine,
tukaling'oa na huko, maana gugu hili
lilikuwa limejipandia asubuhi yake.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Hiki hakikujificha nguoni. Kilikuja kikiwa ndiyo nguo.

Saa saba na robo. Waya wa kijivu umerudi,
programu ya kweli imeshushwa, inapekua:
haipigi kelele, haina haraka, haitishi,
inachosha kama kazi yoyote ya halali.
Ndipo akasema, kana kwamba anaongea na kikombe:
"Nililipa. Jumanne. Zloti mia moja na tisini."

Nikamsomea namba ya benki,
ile iliyo nyuma ya kadi, isiyolala.
Fungisha kadi kwanza. Nywila tutabadilisha kesho.
Akaandika. Nilisikia penseli.

"Usiniite mjinga."
Sijakuita.
"Nilijua, unajua? Nusu yangu ilijua.
Lakini kila asubuhi, kabla sijachemsha maji,
iliniuliza kama niko salama.
Kila asubuhi, hata Krismasi."

Gari la kuzoa theluji lilipita chini ya dirisha lake.
Nililisikia kwenye simu, likija, likienda.
Nikamwuliza limefika wapi.
Kwenye duka la mikate, akasema, sasa linageuka.
Nikamwuliza kazi imefika wapi.
Asilimia kumi na nne.

Hakuna aliyekata simu.