Daftari la Bustani za Veyula

Barua tuliikuta Jumanne, imebandikwa mlango wa choo,
kwa sababu bustani hazina mlango mwingine.
Siku kumi na nne. Muhuri wa wakili.
Mimi ndiye katibu. Nikaibandua polepole isichanike,
nikaisoma kwa sauti mara mbili,
ya pili kwa ajili ya Mama Sechelela,
ambaye masikio yake ni mazima,
ila hakutaka.

Tuko kumi na tisa. Kila mtu na matuta yake,
hatua ishirini kwa kumi na mbili, kamba ya katani ndiyo mpaka.
Tulikuta mbigiri hapa, na udongo unaong'ata jembe.
Marehemu Mzee Mbijili akasema: limeni,
kodi mniletee Nanenane ikipita.
Tukamletea. Miaka kumi na mmoja.
Ukurasa wa tatu, dole gumba lake, wino wa buluu.
Ukurasa wa tisa, dole limetetemeka.
Ukurasa wa mwisho, saini ya mwanawe,
huyu huyu Gervasi anayetuita leo wavamizi.

Mvamizi hapewi risiti.
Hilo nimeliandika pembeni, kwa penseli.

Alikuja Baraza la Kata akaacha gari linanguruma.
"Mbukwenyi," akatusalimu, tukaitikia; salamu hainyimwi mtu.
Hana sura ya ubaya. Ana deni,
na ana shamba ambalo lami imelifuata mpaka mlangoni.
Hati ina jina lake. Hatukubishana.
Mgeni siku ya tatu mpe jembe, walisema wahenga;
sisi tulikuja na majembe yetu,
wala wahenga hawakutaja siku ya kuyabeba tena.

Andika vizuri, Mwenyekiti: hatudai ardhi.
Nyanya zimefunga maua, zinataka wiki nane.
Tunadai hizo wiki nane.
Na kisima, futi thelathini na mbili,
kilichomla Yeriko vidole viwili tukiteremsha zege,
kisima nacho kiulizwe ni cha nani.

Mthamini alikuwa binti mdogo, kishikwambi mkononi,
kiatu chake cheupe hadi tuta la pili tu.
Alihesabu mchicha, alihesabu chainizi,
akauliza mlenda tuliupanda au uliota.
Samadi? Mikokoteni yote ile kutoka zizi la Zanka?
Alitafuta, akatafuta. Samadi haina kisanduku.
Ikishaingia kwenye udongo, alisema,
ni ya mwenye udongo.

Ndipo akafika kwa Ndahani,
akapangua matembele,
na nyuma yake mzabibu, mnene kama kifundo cha mkono,
mikono yake juu ya waya wa baiskeli.
Kila mtu akatazama pengine.
Gervasi akaniambia: katibu, soma sharti la nne.

Lilikuwa mwandiko wangu mwenyewe.
Mazao ya msimu tu. Mti wa kudumu usipandwe.
Nililisoma. Daftari lililotutetea
haliwezi kuwa na kurasa za kurukwa,
hivyo ndivyo nilivyojiambia
usiku ule, na usiku uliofuata.

Baraza husuluhisha, halihukumu. Wakasuluhisha:
wiki nane, nusu ya gharama ya kisima,
mzabibu bila kitu.

Ndahani hakunisemesha mpaka nyanya ya mwisho.
Siku ya kuondoka akaukata vipande, shubiri mbili mbili,
akavifunga kwenye gunia bichi, akagawa.
Na mimi alinipa.
Hakuniangalia, lakini alinipa.

Nimekichomeka kwenye ndoo ya rangi.
Hakijatoa jicho bado.
Kila asubuhi nakinywesha maji niliyooshea mchele,
hapo uani,
juu ya saruji ya mwenye nyumba wangu.