Spiringi Mbili

Injini ilikuja ndani ya nusu gari
lililokatwa kwa msumeno huko lilikotoka,
na kooni mwake kipepeo cha bati
kisichojua kamba. Kilijua umeme tu.
Mumo aliinunua kwa simu, akiwa Doha.
Akanitumia picha, risiti, na neno moja: DX.

DX ni yake. Ya mwaka themanini na tatu,
rangi ya chai iliyozidi maziwa,
juu ya matofali nyuma ya nyumba, Kayole,
kuku wa jirani wakitagia chini ya usukani.

Okumba akaifunga. Wiki tatu, Kariobangi Light,
mvua ikigonga mabati kama mwenye nyumba tarehe tano.
Ikawaka. Lakini ukikanyaga
inangoja.
Nusu pumzi, si zaidi:
mguu unaandika barua, kompyuta inaisoma,
inaipeleka kwa meneja, meneja ameenda chai,
ndipo kipepeo kinafunguka, kwa adabu,
kadiri kinavyoona inakufaa.
"Hii si gari," Okumba akasema. "Hii ni ofisi ya serikali."

Nami nikamsikia Mumo wa Ijumaa usiku:
nauliza, kimya, nauliza tena,
maneno yetu yanagongana njiani.
"Utakuja Krismasi?"
Kimya.
"Nasema, Krismasi—"
"Eeh, nimekula."

Basi tukang'oa.
Mota ndogo, sensa zake, soketi ya nyaya sita,
vyote ndani ya kopo la rangi.
Grogan tukapata koo la zamani, la aluminiamu,
lenye gurudumu la kamba ubavuni.
Mashimo yakakataana na ya injini,
milimita nne huku, saba kule,
na Wairuri, mwenye kerezo nyuma ya kanisa la mabati,
akatuchongea bamba la kuyapatanisha.
Alipima mara tano, akitutukana kila mara.

Kebo ya pikapu kuukuu ilizidi shubiri moja.
Okumba akaikata, akaisubia kichwa kipya
kwa risasi iliyoyeyukia kwenye kijiko cha chai.
"Kamba hukatikia pembamba," akaniambia,
akiipitisha mbali na ekzosi, bila kona kali,
akiipaka grisi kama mtoto wa asubuhi ya baridi.

Kisha spiringi. Nilidhani moja yatosha.
"Ndinda. Kufungua ni kazi ya mguu,
na mguu una haraka zake.
Kufunga hakuna wa kukusaidia.
Hiyo moja ikikatika usiku, mteremkoni,
gari litaendelea kukutii mpaka ukutani.
Weka mbili."

Nikaweka mbili.

Alfajiri, Outer Ring, lami ingali na unyevu.
Nikakanyaga. Hakuulizwa mtu.
Unyayo wangu ukasikia waya ukikwaruza ganda lake,
ukasikia kipepeo kikigeuka,
kama kumshika mtu mkono gizani
naye akauminya.

Sisemi imepona.
Ikisimama inapanda elfu mbili, inashuka mia sita,
inapapasa kama mtu aliyeangusha ufunguo.
Taa ya njano tuliyoibandika dashibodi haizimiki:
kompyuta inalilia kiungo tulichokikata.
Okumba ataidanganya kwa kipinga cha shilingi ishirini.
Jumanne, anasema. Sikuuliza Jumanne ipi.

Nikaegesha karibu na kibanda cha mandazi, nikampigia Mumo.
Nikafungua boneti, simu nikaielekeza chini,
nikavuta kebo kwa kidole.
Mara moja. Tena. Mara ya tatu,
ndipo kicheko chake kilipofika,
cha ile ya kwanza.

Nikaachia.
Tap, kikajifunga.
Nikangoja naye aisikie.