Deni la Stuli

Leo nimelipa: elfu kumi na mbili, taslimu,
kwa karani ambaye mwaka ule, nakisia,
alikuwa bado anahesabu kwa vizibo vya soda.
Akafuta vumbi kwenye daftari la madeni,
akanikuta mstari wa mwisho:
stuli moja, haikurudishwa.

Chanika sasa ina lami. Ina benki, ina taa za njiani.
Yetu iliishia pale nguzo za umeme zilipokata tamaa,
na baada ya nguzo ya mwisho, mikorosho,
na baada ya mikorosho, sisi:
kidato cha nne cha kwanza cha shule ya kata,
thelathini na mmoja, bila kaka wala dada wa kutuambia
mtihani wa taifa unafananaje.

Maabara ilikuwa chumba kilichoandikwa MAABARA.
Mwalimu Lwitiko alichora chupa ubaoni,
akachora moto chini yake kwa chaki nyekundu,
akarudi nyuma hatua mbili, akatazama saa.
"Sasa yanachemka," alisema.
Tukaandika: yanachemka.
Pazi, nyuma kabisa, akalalamikia joto.

Kila mmoja alikuja na stuli ya kwao;
ikishavuka geti, ni mali ya shule.
Yangu fundi aliiunga kwa masalia ya mbao za jeneza.
Mama hakuniambia mpaka nilipomaliza.

Na kengele ilikuwa rimu ya lori,
na mgongaji alikuwa Sikudhani,
jina ambalo ni sentensi nzima.
Alifika kabla ya umande kukauka,
akashika nondo kwa mikono miwili
akaipiga ile rimu kama anayemdai.
Hadi Zingiziwa waliinjika chai kwa mlio ule.

Mwezi wa nane alikuja nesi na vikopo.
Wasichana wakapangwa mstari.
Kesho yake rimu haikugongwa.
Tulichelewa wote, walimu pia,
na hakuna aliyeuliza kwa nini.
Katika masomo yote tuliyofundishwa
hilo la kunyamaza ndilo tulilofaulu darasa zima.

Siku ya tatu nikabeba stuli kichwani hadi kwao.
Njiani nilitunga maneno, yote yakaanguka.
Nikasema tu: "Utahitaji pa kukaa."
Akanitazama. "Na wewe?"
Mimi nilimalizia mwaka juu ya matofali matatu,
la katikati lilikuwa na ufa, lilinifinya,
na hadi leo nikisikia neno "Vita vya Majimaji"
ni paja linalokumbuka kwanza.

Mahafali, Mwinjuma alisoma ubeti wake,
suruali ya kuazima, karatasi ikitetemeka:

Leo tunatoka ndani, mlango tunaufunga,
Mlitukuta gizani, mkatufunza kulenga,
Kiulizwa tuna nini, tutasema tuna anga,
Kesho rimu ikigongwa, nani ataitika?

Mwalimu wa Kiswahili alihesabu kwa vidole chini ya meza.
"Kituo kimepungua mizani moja, kijana."
"Najua, Mwalimu," Mwinjuma akajibu.
"Yupo nyumbani, ananyonyesha tumbo."
Wageni rasmi walicheka, wakidhani ni mzaha.
Sisi thelathini tulitazama viatu.

Karani ananiuliza, kalamu hewani:
"Stuli yenyewe ilipotelea wapi?"
Sikumwambia ipo, nyuma ya cherehani,
mguu mmoja mpya, mitatu ile ile ya jeneza,
na namba yangu ya shule, 47, kwa rangi ya mafuta
ambayo anakataa isipakwe juu yake.
Nilisema: "Zamani, dada. Sikumbuki."

Akanikabidhi cheti. Hakikuwa na mkunjo hata mmoja;
kimelala salama kuliko yeyote kati yetu.
Fizikia: F.
Nikasimama mlangoni kwa chumba kilichoandikwa MAABARA,
siku hizi kina mabomba, kina sinki,
na mtoto mmoja aliyevaa miwani mikubwa
alikuwa ameinama juu ya chupa ya kweli,
anangoja.