Tiketi ya Saa Nane

Okwalinga, kabla hujalibana hilo begi kwa goti,
keti kwanza.
Unasema Kotido ni hapo tu,
umepima ramani kwa kidole gumba:
vidole viwili kutoka Soroti, umefika.
Mimi pia nilipima. Kidole changu hakikukwama Abim.
Ramani haina matope, mdogo wangu,
haina ule udongo mweusi unaovua watu viatu
na kuyashika magurudumu kama mdai.

Mwaka ule baba alikuwa huko akichanja ng'ombe.
Akanipigia: njoo Jumanne, nitakungoja stendi.
Nikajipanga, nikajipanga hasa:
magauni matatu, viatu vya kisigino,
na pasi ya umeme. Pasi!
Naipeleka kwenye nyumba ya koroboi.
Mwavuli niliuacha nyuma ya mlango.
Soroti jua lilikuwa linawaka,
nami nikadhani mbingu ni moja.

Tiketi iliandikwa 8. Tarakimu moja, wino wa buluu.
Nikaisoma kwa mdomo wa mama: saa nane.
Nikala ugali wa ulezi na mchuzi wa karanga,
nikaoga bila haraka,
nikaingia stendi saa saba na nusu, najisifu kwa kuwahi.
Karani alicheka hadi akashika meza.
Basi lilikuwa limeondoka asubuhi, saa mbili,
nane ile ya saa ya ukutani.
Kiti changu kilikwenda Kotido bila mimi.

Kwa hiyo uliza.
Ukishajibiwa, uliza tena: jua likiwa wapi?
Usione haya. Haya hairudishi nauli.

Jumatano nilipata lori la mabati,
na mvua ikatupata sote Abim.
Pesa zangu zote zilikuwa ndani ya simu,
simu ilikuwa imezima tangu mchana,
na wakala pekee aliyekuwa macho
hakuwa na hata noti ya elfu tano.
Mama mmoja, Abura, mkaanga chapati,
alinipa ya mayai kwa mkopo, akanionyesha pa kulala.
Nilimtumia pesa yake baadaye. Aibu ninayo bado.

Alhamisi jioni nikashuka Kotido, kisigino kimoja mkononi.
Baba alikuwa ameondoka na wenzake asubuhi ile kwenda Kaabong.
Ng'ombe hawasubiri binti wa mtu.
Kwa mwenye duka aliniachia mfuko:
mahindi mawili ya kuchoma,
moja kwa kila jioni aliyosimama stendi.
La Jumanne lilikuwa gumu kama jino.
Nililitafuna hivyo hivyo, njiani kurudi,
maana likizo yangu ilikuwa ya siku nne
na nilikuwa nimeihesabu
bila kuiachia njia hata siku moja.

Usinitazame hivyo, tulionana Krismasi.
Alicheka kuliko yule karani.
Lakini tangu hapo hakunitajia siku tena.
Alisema tu: ukifika, umefika.
Hilo ndilo ninalolibeba, si matope.

Haya, toa hiyo pasi. Ndiyo, nimeiona.
Mwalimu hapimwi kwa mikunjo ya shati.
Tia viatu vya mpira, tia mwavuli,
noti ndogo ndogo, nusu mfukoni, nusu kwenye soksi.
Namba ya mwalimu mkuu iandike kwenye karatasi,
karatasi haihitaji chaji.
Usimwahidi siku. Mwahidi wiki.
Chandarua usikikunje chini kabisa,
usiku wa kwanza ndio utakaokitafuta gizani.

Na hiyo tiketi uliyoificha kitabuni,
ilete hapa kwenye mwanga.
Imeandikwa 7.
Saba ya nani?