Mdomo wa Bomba

Avilés, saa moja asubuhi, manyunyu yasiyojua kukoma,
na karakana inanuka kama sarafu iliyolambwa.
Naliingiza bomba kwenye taya za mashine.
Taya tatu: zinaliuma, zinaligeuza
kama mtu anayechoma hindi na hana haraka.

Kwenye skrini mkato umekunjuliwa:
wimbi moja, kupanda, kushuka, basi.
Ukilitazama hivyo, bapa, hulijui.
Likunje, nalo ni mdomo
uliofunguka kiasi cha shingo ya bomba jingine.

Belarmino amekuja tena. Alistaafu miaka minne iliyopita
ila miguu yake haijapata barua.
Yeye alikata kwa karatasi ya kufungia mkate,
bikari, chaki, na gesi iliyomuunguza nyusi zote mbili.
"Hilo sanduku lako," anasema, "halijawahi kuungua. Litajuaje?"
Simjibu. Nashusha kofia. Nabonyeza.

Kwanza hewa: fyuuu.
Kisha mwali wa buluu, mdogo, wenye hasira,
na chuma, ambacho jana kilinivunja kucha,
kinaachia njia kama samli.
Bomba linazunguka, kikatio kinakwenda na kurudi,
kila kimoja kinajua nusu tu ya safari.
Kipande kinadondoka. Ting.

Tunapachika. Juu sawa. Chini sawa.
Ubavuni, mwanya: ukucha wa gumba unapita.
Belarmino hacheki, na hilo linauma zaidi.

Napima. Mia na kumi na nne. Nageuza robo.
Mia na kumi na mbili na nusu.
Mashine iliambiwa duara, ikaamini.
Bomba limefika limebonyea kidogo,
kama kila kitu kilichosafiri chini ya kitu kingine.

"Karatasi yako ingetambua," namwambia, shingo upande.
Anakalia ndoo. Anasugua goti.
"Karatasi ingetambua. Mimi nisingejali.
Miaka thelathini na moja, Nélida,
mianya nimeijaza kwa kulehemu,
nikapitisha grenda, nikapaka rangi.
Hakuna aliyeuliza."

Mvua juu ya bati.
Mnara wa waokoaji, ufukweni Salinas,
unataka viungo ishirini na vinne.
Juu yake atakaa mtoto wa mtu
akitazama watoto wa watu.

Naanza upya. Mshono wa bomba nauweka juu,
naandika namba mbili mahali pa moja,
nahesabu na unene wa mwali wenyewe,
maana moto nao una upana wake, nao hula.
Fyuuu.
Ting.

Tunazima taa za karakana.
Yeye anaingiza kurunzi ndani ya bomba, mimi nashika kiungo,
tunazunguka, vichwa vimekaribiana,
tukitafuta nuru inayovuja.
Hakuna.
Tunabaki gizani muda mrefu kuliko kazi inavyodai.

Kisha anainama, anaokota kile kilichodondoka,
nusu mwezi, ukingoni bado kina mavi ya chuma,
anakirusha mkono huu, mkono ule, kimoto,
anakitia mfukoni mwa koti.
"Cha kuzuilia mlango," anasema. "Upepo wa huku."

Vimebaki ishirini na vitatu.