Pakia Kulia

Tairi la kushoto limepasuka ubavuni,
nyufa nyembamba, nyingi, kama tope la bwawa
mwezi wa Agosti, mvua ikiisahau Saskatchewan.
La kulia bado linashika upepo, lakini ni kipara;
ukilipapasa, kidole hakikwami popote.

Tela ni la baba. Orest Hrynkiw aliliunga mwenyewe
mwaka wa sabini na moja, kwa ekseli ya Pontiac iliyokufa
na mbao za ghala la jirani.
Limebeba nguruwe. Limebeba madirisha ya kanisa.
Limebeba piano ya shangazi Paraska
na Paraska mwenyewe, aliyekataa kuiacha isafiri peke yake.
Sasa linatakiwa kubeba mizinga kumi na sita
hadi kwenye kanola, kabla haijachanua.
Zimebaki siku tisa.

Dukani kwa Garth Lindqvist nasimama
mbele ya ukuta wa mpira mweusi,
harufu ya upya ikinikwaruza koo.
"Usichukue ya gari dogo," ananiambia.
"Yana mbavu laini. Gari hubembeleza watu;
tela hubeba tu, halibembelezi mtu."
Ananionyesha haya: nyuzi za mshazari, magumu, nafuu,
yanamfaa aendaye polepole na kulala mapema.
Na yale: nyuzi zimelala moja kwa moja, ukingo hadi ukingo,
hayachemki upesi kwenye barabara kuu.
Bei yake inanifanya nivue miwani, kisha niivae tena.
"Tabaka sita," anasema, akiligonga moja kwa ngumi
kama mnunuzi wa tikiti maji.

Naomba kuona tarehe. Hili alinifundisha baba:
tairi haliui mwendo, huliua kukaa.
Tarakimu nne ubavuni, ndani ya kiduara kirefu,
wiki, kisha mwaka.
Yale ya nafuu yamekaa rafuni miaka mitano.
Garth anajikuna sikio.
"Hayajatembea hata hatua moja."
Ndiyo hofu yangu, nasema.

Natoa karatasi ya vipimo. Anaisoma. Ananitazama.
"Daria, umeandika namba mbili tofauti."
Namwambia ndivyo zilivyo, nimepiga magoti kwenye matope kuzisoma:
kushoto kumi na tatu, kulia kumi na nne.

Anaweka kalamu mezani.
Cheko linamwanzia mabegani, halijafika mdomoni,
na mimi nami naelewa, pale pale, nimeshika kaunta.

Miaka yote ile baba alisimama nyuma ya tela,
mkono mmoja hewani kama kasisi:
pakia kulia!
Magunia, kulia. Nguruwe mnene, kulia. Paraska, kulia.
Tulidhani ni elimu.
Kaka yangu Metro alituchorea hata mchoro,
upepo wa magharibi, mishale, mteremko wa barabara.
Wajukuu waliirithi pamoja na sala.
Kumbe rimu moja ilipungua inchi,
na baba hakuwa na dola nne za kuitafutia pacha.

Nachukua yale ya ghali, mawili, na rimu mbili za kufanana.
Kipya kinyemi ingawa kidonda;
kidonda changu kimo pochini.

Jioni nakaza nati tano, nikiruka moja, nikirudi,
nashusha jeki, narudi nyuma hatua kumi.
Tela limesimama sawasawa
kwa mara ya kwanza tangu lizaliwe.
Halipendezi. Linafanana na mzee
aliyevalishwa suti ili akazikwe.

Alfajiri ya siku ya tisa nyuki wanavuma chini ya wavu.
Taras, mwanangu, amekumbatia mzinga wa kwanza,
anauliza auweke wapi.
Nafungua kinywa niseme katikati.
Mkono umeshapanda hewani.