Swali kwa Fundi

Mwaka huu mvua ya Hombolo haikubisha hodi.
Ilinyesha Januari, ikanyesha Februari,
na kati ya mistari ya zabibu
nyasi zikanifika kiunoni.
Mbigiri zikashona upindo wa kitenge changu.
Mitunduru ikarudi palepale tulipoing'oa,
kama mdai aliyesikia umelipwa.

Fyekeo nimelishika miaka kumi na tisa.
Bega la kulia linajua idadi;
usiku linanihesabia.

Basi nikafunga fedha za mavuno ya Agosti,
laki nne na kitu,
kwenye ncha ya leso,
nikaenda mjini kutafuta mashine.

Duka la kwanza, hatua chache kutoka soko la Majengo,
zimesimamishwa ukutani kama maharusi:
nyekundu, ya chungwa, ya njano,
zinanukia plastiki mpya.
Kijana wa dukani alizisifu zote kwa sauti moja.
"Mama, hii orijino. Na hii orijino zaidi."
Nikauliza: plagi yake inauzwa wapi?
Akatazama simu.
Nikauliza: ikizima katikati ya shamba,
saa saba, jua la utosi?
Akanipunguzia elfu ishirini.

Nilivuka lami,
nikawapita wauza mabomba, nikafika
kwenye kibanda cha fundi Sagaila,
mtu ambaye viganja vyake
vimesahau rangi waliyozaliwa nayo.

Sikumwuliza ipi nzuri.
Nzuri ni neno la muuzaji.
Nilimwuliza: ipi huletwa hapa ikiwa maiti?

Alikuwa anapuliza kabureta.
Alimaliza kupuliza.
Akanionyesha kwa kidevu, nyuma yake, kwenye misumari:
mizoga minne ya aina moja,
huyu hana kamba, huyu hana klachi,
yule amebaki mkono na tangi.

"Aina ile," akasema, "ndiyo niliyomnunulia mke wangu."

Nilidhani hakunisikia.

"Isiyoharibika sijawahi kuiona, mama Nyemo.
Hii ikiugua, dawa yake iko ukutani.
Zile za kung'aa zikiugua
hulala hapa chini ya meza
mpaka mwenyewe anachoka kunipigia simu."

Akanivika mkanda, bega la kushoto,
akaniacha nimesimama na mashine nzima nzima,
akaenda kunywa chai.
Akamaliza chapati. Akaagiza nyingine.
Aliporudi akauliza, "Sasa nzito?"
Nikasema, sasa nzito.
Akalegeza mkanda matundu mawili, akaushusha nyongani.
"Sasa?"

"Nyasi, uzi. Mtunduru, kisu cha chuma.
Miwani uvae, hata wakikucheka.
Na oili kwenye petroli usipime kwa jicho.
Jicho lina huruma."

Jumatatu, kabla jua halijachungulia,
nilipima oili kwa kikombe
cha dawa ya kikohozi ya Nyemo.
Nikavuta: kimya.
Nikavuta: ikakohoa kama baba mkwe.
Ya tatu ikanguruma
hata kanga wa porini wakaondoka na watoto wao,
na jirani Yoeli akaja uani,
fyekeo lake begani, mdomo wazi,
kama anayetazama lori lililopinduka.

Mpaka saa tatu mistari sita ilikuwa imenyolewa,
udongo mwekundu unapumua.
Mstari wa saba nikakata mpira wa maji.
Chemchemi fupi, ikanilowesha hadi kwenye miwani.
Yoeli akacheka. Nikacheka.
Mashine haikuwa na kosa, ilikata ilichoelekezwa.

Nikazima, nikakaa juu ya nyasi nilizozilaza.
Mikono ilikuwa bado inanguruma peke yake.
Na bega la kushoto, geni kwenye kazi hii,
likaanza kuhesabu:
moja.